Kazi Iliyoitwa Alderson

Katika karakana ya waashi wa ngome ya Stangarth, kazi mbovu ilikuwa na jina. Mtu akijaza ufa ovyo, au akipandisha jiwe likakaa upande kama kofia ya mlevi, wenzake walimwambia, "Hiyo umepiga alderson, ndugu yangu. Bomoa." Wageni wa kazi walilishika neno hilo wiki ya kwanza, kabla hawajajua hata choo kiko wapi. Wengi hawakujua kwamba Alderson alikuwa mtu. Waliojua kidogo walisema alikuwa msimamizi wa zamani, mzee fulani kichwa maji aliyeushindilia mnara wa kaskazini saruji akauharibu.

Cuthbert Raine alijua alikuwa nani. Alijua pia kwamba mzee huyo hakuugusa mnara ule hata kwa kidole. Kwa miaka kumi na minane alilisikia neno hilo karibu kila siku, na kila siku alikunywa chai yake akanyamaza.

Cuthbert alizaliwa pale pale Stangarth, chini ya kilima, katika safu ya nyumba ambazo nusu yake ni ngome. Majeshi ya Bunge yalipolipua lango kwa baruti, zamani hizo za vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Bunge na mfalme, yaliondoka bila kufagia, na wanakijiji wakapanda na mikokoteni. Walichota mawe kwa vizazi vitatu. Zizi la nguruwe la jirani lilikuwa na nguzo ya kanisa la ngomeni. Nyumbani kwa akina Raine, juu ya meko, palikuwa na jiwe lenye majani ya kuchongwa, lililowahi kuwa kizingiti cha dirisha la bwana mkubwa, na mama yake alianikia soksi hapo. Hakuna aliyeona ajabu.

Akiwa na miaka kumi na mitano aliingia karakanani chini ya Thomas Alderson. Alderson alikuwa mfupi, mpana, mkali, na hakumwita mtu kwa jina alilopewa na wazazi wake. Cuthbert alikuwa Cuddy, ambalo huko kaskazini ni kifupi cha Cuthbert na pia ni punda, na mzee alihakikisha maana zote mbili zinasikika.

"Cuddy, onja."

"Nionje nini, mzee?"

"Chokaa. Weka kwenye ncha ya ulimi. Inauma?"

"Inauma!"

"Basi haijaiva. Ifunike, tutaonana nayo mwakani."

Chokaa ya Alderson ilichomwa tanurini, ikazimwa kwa maji shimoni, ikalala humo majira yote ya baridi. Vijana waliona ni ukorofi tu. Lakini mzee aliujua ule mnara kama anavyojua mtu ngazi za nyumba yake. Aliwaonyesha mahali palipobomoka ili waone tumbo la ukuta: uso wa mawe ya kuchonga nje, uso mwingine ndani, na katikati futi na futi za kokoto, vifusi na chokaa, vilivyotupwa humo na watu waliokufa miaka mia nane iliyopita. Aliwaonyesha mashimo ya mraba ambamo waashi wale walichomeka boriti za jukwaa lao, wakaondoka bila kuyaziba, na sasa ndege wanalala humo. Aliwaonyesha alama ndogo ndogo, mshale, msalaba, kitu kama mguu wa kuku, kila mwashi na yake.

"Huyu wa mguu wa kuku alikuwa fundi," alisema akipapasa jiwe. "Huyu wa mshale alikuwa mshenzi. Tazama kingo zake. Nafikiri alikuwa ndugu yako, Cuddy."

Jambo moja aliwaambia mpaka wakachoka kulisikia. Ukuta unakunywa mvua, na mvua hiyo lazima itoke. Inatokea kwenye chokaa iliyo kati ya mawe, kwa sababu chokaa ni laini kuliko jiwe. Chokaa ndiyo pua ya ukuta. Ukiiziba kwa kitu kigumu, maji yatatafuta njia ndani ya jiwe lenyewe, kisha baridi itayagandisha humo, na jiwe litapasuka uso. "Chokaa ikioza utatia nyingine," alisema. "Jiwe likioza utatia nini?"

Mwaka 1960 ofisi ya mjini ilileta magunia ya saruji na barua. Mnara wote wa kaskazini ujazwe upya kati ya mawe, kwa saruji, kazi iishe kabla ya baridi. Alderson alijibu kwamba hafanyi. Wakamwandikia tena, naye akawajibu tena, safari hii kwa maneno machache zaidi. Kisha, mwezi wa Aprili, kifua chake kilichokula vumbi la mawe miaka arobaini kikamshinda, akapelekwa hospitali.

Cuthbert akakaimu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, ndiyo kwanza ameoa, na ukubwa ulikuwa umeanza kumpanda kichwani. Afisa mmoja akaja na viatu vinavyong'aa, akasimama kwenye matope, akauliza, "Bwana Raine, mnaweza kumaliza kabla ya Oktoba?"

"Tunaweza," alisema Cuthbert.

Hapa tusimpake mafuta. Hakulazimishwa, wala hakutishwa. Alikuwa na nakala za barua mbili za mzee mezani, angeweza kusema msimamizi ni mgonjwa, tumsubiri. Lakini saruji ilimpendeza. Haikuhitaji kulala shimoni wala kuonjwa na ulimi. Ilishika siku hiyo hiyo. Alifikiri habari ya pua ya ukuta ni mambo ya uzee. Basi akajenga jukwaa, akapanda na watu wake, na mpaka Septemba mnara wote ulikuwa umejazwa, mistari imenyooka, safi, umependeza kama shati lililotoka kupigwa pasi. Jumapili alimpeleka mkewe Hilda wakasimame pale chini na kuutazama. Alikuwa na furaha, na haikuwa furaha ya uongo.

Alderson alirudi Oktoba, amekonda, koti linamning'inia. Alisimama chini ya mnara akainua shingo.

"Umefanya kwa unadhifu, Cuddy," alisema.

Akaingia ofisini, akaomba karatasi ya kukabidhi kazi. Cuthbert alimfuata mbio.

"Mzee, niachie nitie saini mimi. Kazi ni yangu."

"Msimamizi hapa ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi toka hapo, unaniziba mwanga."

Akaandika T. Alderson, akapuliza wino ukauke. Hakulizungumza jambo hilo tena, si kazini wala, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, nyumbani kwake. Alikufa baada ya miaka minane, akamwacha binti mmoja, Winifred, aliyekuwa na mgahawa wa chai ndani ya chumba cha mlinzi kilichosalia langoni.

Mwaka 1972 jiwe la kwanza lilibanduka uso. Asubuhi moja ya Februari walikuta kipande chembamba kama sahani kimelala kwenye majani, na juu ukutani mistari ya saruji imebaki imetokeza, mawe yenyewe yamerudi ndani. Norman Swales, mwashi mpya mwenye domo kubwa, akaenda kufungua jalada. Alirudi anacheka.

"Jamani, nimempata mchawi. Alderson! Saini yake hii hapa. Alderson ni nani?"

Walikuwa sita mle karakanani. Watano hawakuwahi kufanya kazi chini ya mzee. Wa sita alikuwa Cuthbert, sasa msimamizi mwenyewe, kikombe mkononi. Alifungua mdomo. Norman akamtangulia: "Kuanzia leo, mtu akiniharibia kazi hapa, nitamwambia amepiga alderson!" Wakaangua kicheko. Cuthbert akanywa chai iliyomo kikombeni, na kilipokwisha, nafasi ya kusema ilikuwa imepita. Kesho yake ingekuwa vigumu zaidi, na mwaka uliofuata ingekuwa kichekesho. Hivyo ndivyo alivyojieleza yeye, na si maelezo ya maana.

Winifred alilisikia mgahawani. Waashi walikuja saa nne kila siku na buti zao zenye matope, na hawakujua kunong'ona. Mara ya kwanza aliweka birika chini, akaingia jikoni, akakaa huko. Baada ya hapo aliendelea kumimina kana kwamba hakusikia. Winifred alimpa Cuthbert skonzi ya moto kuliko za wengine, na siagi ya kutosha, kwa sababu alikuwa, kama alivyosema, kijana wa baba. Cuthbert alikula.

Mwaka 1990, baada ya baridi kali, kitumbua kikaingia mchanga kabisa. Bamba la jiwe zito liliporomoka kutoka juu ya ngazi za mzunguko, likaangukia benchi wanapokaa wageni siku za Jumapili. Ilikuwa Jumanne, hapakuwa na mtu. Benchi lilibaki kuni. Mnara ukafungwa, na ofisi ikamtuma mkaguzi, Bi Philippa Stobart, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye kalamu nyingi. Alipanda, akagonga, akasikiliza, akashuka na vumbi nyusini. Alisema maneno yale yale ya Alderson, ila kwa Kiingereza cha chuo kikuu. Saruji yote itolewe, kwa mkono, inchi kwa inchi, na chokaa irudi. Miaka miwili.

Alisema pia kwamba wageni wana haki ya kuelezwa. Ataandaa ubao wa maelezo kuhusu mnara, nao utatundikwa mahali wanapopumzika, mgahawani kwa Winifred, ukutani juu ya birika.

Alhamisi alimletea Cuthbert maandishi. "Bwana Raine, wewe ndiye mkongwe. Yapitie uniambie kama kuna kosa. Yanatundikwa Jumamosi."

Cuthbert alivaa miwani. Mnara ulijengwa na nani, ukazingirwa lini, lango likalipuliwa vipi. Kisha chini: *Madhara unayoyaona leo yalisababishwa na saruji iliyotiwa mwaka 1960 na msimamizi T. Alderson, kinyume na desturi ya ujenzi wa kale.* Alisoma sentensi hiyo mara tatu.

"Kuna kosa?" aliuliza Philippa.

"Lipo. Umeandika unene wa ukuta chini ni futi kumi na moja. Ni kumi na mbili."

"Ahsante sana," alisema Philippa, akasahihisha, akaenda zake.

Nyumbani Hilda alimwekea viazi na nyama, naye akavisukuma huku na huku kwenye sahani.

"Una nini wewe? Umenuna kama umeibiwa."

Akamweleza. Alieleza akitazama viazi. Hilda aliweka uma chini.

"Cuthbert Raine. Miaka thelathini nalala kitanda kimoja na wewe hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Nikuulize nini? 'Mume wangu mpenzi, na huo mnara umeuharibu wewe?' Na mimi ulinisimamisha pale chini nikautazama Jumapili nzima, nimevaa viatu vya kuniuma!"

"Hilda..."

"Usinihilde. Winnie atakaa anamimina chai chini ya ubao huo mpaka afe. Utakwenda kusema wewe au niende mimi?"

Alisema atakwenda yeye. Ijumaa alifika mlangoni pa mgahawa mara mbili. Mara ya kwanza palikuwa na wageni. Mara ya pili hapakuwa na mtu ila Winifred, anafuta meza, akamwuliza, "Vipi, Cuddy?" naye akasema amekuja kutazama bawaba ya mlango. Akaitazama. Haikuwa na shida yoyote.

Jumamosi asubuhi waashi wote walikuwepo, na Philippa, na ubao umefunikwa kwa kitambaa. Winifred alikuwa akikata mkate. Hakuna aliyekuwa amemwambia kilichoandikwa. Philippa hakujua kwamba mwenye mgahawa ni binti wa nani, na waashi waliojua walidhani mtu mwingine amemwambia Winifred. Norman alipanda juu ya kiti, ameshika skrubu mdomoni, akavuta kitambaa.

Winifred aliinua macho, akasoma. Kisu kilisimama katikati ya mkate.

"Norman, shuka," alisema Cuthbert.

"Nimalize hii ya pili kwanza."

"Shuka, nakwambia! Ubao huo ni uongo. Saruji niliitia mimi."

Norman alitoa skrubu mdomoni. "Mzee Cuddy, acha utani bwana, kiti chenyewe kinayumba."

"Sitanii. Alderson alikataa. Aliwaandikia mara mbili. Alilazwa Aprili, mimi nikakubali, nikaifanya yote kabla hajatoka. Saini ni yake. Mkono ni wangu."

Philippa alikuwa amefungua daftari lakini hakuandika. Winifred alifuta kisu kwa aproni, polepole, pande zote mbili.

"Nilidhani aliwaagiza kabla ya kuugua," alisema. "Waliposema wameiona saini yake nikasema, basi ni yeye. Sikumwuliza, alikuwa ameshakufa. Miaka kumi na minane, Cuddy, nimemwona baba yangu mpumbavu."

"Najua."

"Hujui. Ulikaa meza ile, wanalisema jina lake, wewe unatafuna skonzi zangu."

"Ndiyo."

"Zilikuwa tamu?"

Cuthbert angeweza kusema lolote, lakini alikwisha kuchoka. "Zilikuwa tamu, Winnie."

"Toka," alisema Winifred. "Toka kabla sijakurushia kitu. Njoo Jumatatu kama kawaida, kwa sababu sitaki watu waulize. Lakini leo siwezi kukutazama."

Alitoka. Ubao ulishushwa, ukaandikwa upya. Uliporudi ulisema saruji ilitiwa na C. Raine, na kwamba msimamizi T. Alderson aliipinga kwa maandishi. Barua zenyewe Philippa alizipata mjini, ndani ya jalada la mabomba ya maji, Mungu ndiye ajuaye kwa nini.

Cuthbert alikuwa na haki ya kupumzika mwaka ule. Badala yake aliomba apande jukwaani na wenzake kuitoa saruji yake mwenyewe. Wakamruhusu. Kazi hiyo haitaki mashine, mashine inakula kingo za mawe. Inataka patasi nyembamba, nyundo ndogo, na uvumilivu. Kitu kilichomtesa ni kwamba aliifanya vizuri mno. Alikuwa ameisukuma saruji ndani mpaka mwisho, akaibana, bila kuacha hata upenyo wa sindano. Siku nyingine alitoa futi mbili tu, vidole vimekufa ganzi, na kipande cha jiwe zuri kinatoka pamoja nayo.

"Mzee, ulichanganya na nini hii?" Norman alimpigia kelele kutoka ngazi ya chini. "Na gundi ya farasi?"

"Na ujinga. Gonga."

Lakini neno halikuondoka. Hilo hakulitarajia. Watu walikuwa wamesikia ukweli kwa masikio yao, walimwonea huruma mzee wa watu aliyesingiziwa, na Jumatatu ile ile mmoja wao akatazama kazi ya mwenzake akasema, "Alderson hiyo, toa." Cuthbert alimsahihisha. "Sema raine." Wakacheka, wakasema haya, na kesho yake ikawa alderson tena. Alisahihisha wiki nzima, kisha mwezi mzima.

"Tumelizoea tu, mzee," Norman alimwambia mwishowe, bila ubaya. "Halina maana ya mtu tena. Halafu jina lako kwa masikio ya Kiingereza ni mvua. Nikisema ukuta umepigwa raine, nani ataelewa? Hapa Stangarth kila kitu kimepigwa mvua."

Kweli, walicheka sana siku hiyo. Cuthbert alicheka pia, kisha akapanda juu kabisa ya jukwaa, mahali pasipo mtu, na hakushuka mpaka saa ya kuondoka.

Mwaka mzima Winifred alimhudumia kama mgeni aliyeshuka kwenye basi. Chai, sahani, ahsante. Hakumwita Cuddy. Neno la baba yake liliendelea kupita juu ya meza zake, kila siku, naye akaendelea kumimina.

Asubuhi moja ya Novemba, mvua inapiga, waashi wamejazana mgahawani na moshi ukaanza kutoka jikoni. Winifred alikuwa amesimama mlangoni anazungumza na mleta maziwa, akasahau. Alikimbia, akasikika akigombana na mlango wa jiko, kisha akatoka na sinia. Skonzi zote zilikuwa nyeusi chini, na za pembeni nyeusi pande zote.

"Duh!" alisema Norman. "Bi Winnie, leo umepiga..." Akajishika, akatazama kikombe chake.

Winifred aliweka sinia katikati ya meza kubwa, mbele ya wote.

"Raine," alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Leo nimepiga raine. Samahanini."

Hakuna aliyecheka. Cuthbert alinyoosha mkono wake wenye sugu, akachagua iliyoungua kuliko zote, akaanza kuila. Ilikuwa kavu, ilimkwama, naye akaendelea. Winifred alisimama juu yake, mikono kiunoni, mpaka alipoimaliza.

"Ilikuwa tamu?" aliuliza.

"Hapana, Winnie."

"Vizuri," alisema, akachukua sinia akaenda kuzitupa nyingine.